Mintarafu ya Kompyuta Kukabidhiwa Meza Badala ya Mtu

Mahali popote ambapo watu wengi hupokezana meza chache, pana swali ambalo aghalabu huamuliwa na fundi peke yake usiku wa kuamkia siku ya ufunguzi, ilhali lilistahili kuamuliwa mapema na wenye nyumba: kompyuta inapowashwa, imtambue mtu aliyeketi mbele yake, au iitambue meza ilipowekwa? Mjini Mwanza swali hili si la mabenki peke yao. Ukitoka Mkuyuni kuelekea Nyegezi utafika Butimba, ambako kipo Chuo cha Ualimu kinachojulikana nchini kwa kuwaandaa walimu wa muziki na sanaa. Na vyuo vya ualimu vya serikali ni miongoni mwa taasisi zilizotangulia kupelekewa kompyuta, katika mradi ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Sweden. Chuo cha namna hiyo, chenye wanachuo mamia na chumba kimoja au viwili vya kompyuta, ni kipimo kizuri cha jambo ninalokusudia kulieleza.

Kwanza tuufahamu mtambo wenyewe. Kompyuta ya kawaida hubeba ndani yake akili ya kufanyia kazi na diski ya kuhifadhia. Lakini thini-klaenti, kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu, ambacho aghalabu hufungwa nyuma ya skrini, hakina kazi kubwa zaidi ya kupokea picha kutoka kwa seva na kuirudishia seva herufi zilizobonyezwa na mwendo wa kipanya. Kompyuta anayoiona mtumiaji, pamoja na programu na mafaili yake yote, ni kompyuta pepe, moja kati ya nyingi zinazoishi pamoja ndani ya seva iliyofungiwa katika chumba chake. Wazo hili si geni, kwani vituo vya IBM 3270 vilivyotoka mwaka 1971 vilifanya kazi kwa kutegemea mtambo mkubwa uliokuwa mbali navyo, na kilichobadilika tangu hapo ni wingi wa picha na wepesi wa bei. Kisanduku hula umeme kidogo, aghalabu chini ya wati 20. Hakina diski ya kuharibika. Na mwizi akikibeba haondoki na siri ya mtu yeyote.

Sasa, kati ya visanduku na kompyuta pepe hukaa programu ya udalali, ambayo kazi yake ni kuamua nani apewe ipi. Desturi iliyoenea ni kumfuata mtu: mtumiaji huandika jina lake na neno lake la siri, naye dalali humtafutia kompyuta iliyo yake popote alipoketi. Kampuni ya Sun Microsystems iliifikisha desturi hii kwenye ncha yake mwaka 1999 ilipotoa kisanduku kiitwacho Sun Ray, kwani mtu aliweza kuchomoa kadi yake katika chumba kimoja, akaenda kuichomeka katika chumba kingine, na barua aliyoiacha nusu ikamtokea mbele ya macho, kishale kikiwa kinamngoja pale pale kwenye neno. Watu wengi waliisifu kadi ile, nami siwalaumu. Lakini wachache waliangalia kilichotokea mtu alipoketi bila kadi. Mtambo haukumfukuza, bali ulichukua anwani ya kisanduku chenyewe na kuifanya ndiyo kitambulisho, kazi ikawa ya kisanduku. Njia zote mbili, basi, zilikuwamo ndani ya chombo kimoja tangu mwanzo, na ile ya pili ndiyo iliyosahauliwa.

Kwa nini basi mtu mwenye busara achague kuipa meza kompyuta, na amwache mtu? Ni kwa sababu zipo kazi ambazo ni za mahali. Katika chumba cha muziki, kinanda kikubwa hakitoki mlangoni. Wanachuo huja na kuondoka, nacho hubaki pale kimesawazishwa kwa ajili ya yeyote atakayekikalia, ilhali filimbi huondoka na mwenyewe na hakuna anayeipuliza baada yake bila karaha. Tuseme meza ya saba imeunganishwa na kinanda cha umeme kwa waya, na programu ya kuandikia nota inakitambua kinanda hicho kwa mpangilio maalumu. Mwanachuo akija na kompyuta pepe iliyo yake, mpangilio ule haumo. Atahangaika kuutafuta, mwalimu atainama begani pake, kisha wa pili ataita, na wa tatu, na kipindi cha dakika 40 kitaishia katika kutafuta sauti. Lakini kompyuta ikiwa ni ya meza ya saba, kinanda kimekwisha kutambuliwa, printa iliyo ukutani ndiyo inayochapa, na asubuhi kila skrini hufunguka ikiwa tayari, pasipo maneno ya siri yaliyosahauliwa likizoni. Hali ni hiyo hiyo katika dirisha la mapokezi la hospitali, katika maktaba na katika chumba cha mtihani, ambako kwa hakika hutaki mtu akutane na mafaili yake ya nyumbani.

Namna jambo hili linavyotendeka ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Pindua kisanduku chochote, chini yake utaona karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbili mbili. Hiyo ndiyo anwani ya MAC, ambayo nusu yake ya kwanza humtaja aliyeiomba, yaani mtengenezaji, na nusu ya pili hukitaja kifaa chenyewe. Kisanduku kinapowashwa huita katika mtandao wa ndani kikiomba anwani ya muda, na katika wito huo hujitambulisha kwa namba ile. Seva hukijibu, kisha dalali hufungua daftari lake, husoma kwamba namba hii ni meza ya saba, na hukiunganisha na kompyuta pepe ya meza ya saba. Katika mtambo uliokuwa wa VMware, ambao tangu mwaka 2024 umo mikononi mwa kampuni ya Omnissa, msimamizi hukifungulia kisanduku akaunti ambayo jina lake huanza na herufi cm likifuatiwa na anwani yake; mtambo wa Citrix huweza kuikabidhi kompyuta pepe kwa jina la kisanduku au kwa anwani yake ya mtandao; na kwa chuo kisicho na fedha ya leseni upo LTSP, mradi huria wa Linux ulioanza mwaka 1999, ambao mpangilio wa kila kituo waweza kuandikwa chini ya anwani yake ya MAC katika faili moja la maandishi.

Illa sharti tukiri kwamba anwani ya MAC ni jina tu, wala si ithibati. Mwanachuo mwenye kompyuta yake ya mkononi na dakika chache za utundu aweza kulivaa jina la meza ya saba kama mtu avaavyo sare isiyo yake. Kwa hiyo swichi inayounganisha nyaya za mtandao iamriwe kutokubali katika tundu la saba kifaa kingine chochote, na nyaya za chumba hicho zitengwe na zile za ofisi ya mhasibu.

Fauka ya hayo lipo jambo zito zaidi, nalo ni dhamana. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, taasisi inayoshika habari za watu haina budi kuweza kusema ni nani aliyezigusa. Kumbukumbu za mtambo unaofuata meza zitasema meza ya saba, saa nne na robo, na zitanyamaza hapo. Kwa rai yangu, kompyuta ikabidhiwe meza pale tu ambapo haina siri ndani yake, na kila mtumiaji anapoondoka irudishwe ilivyokuwa asubuhi, ili wa pili asikute barua ya wa kwanza. Na programu yoyote yenye habari za mtu, iwe ni alama za mitihani au cheti cha mgonjwa, ibaki ikidai jina na neno la siri la mwenye kuifungua. Hivyo meza huufungua mlango wa nje, na mtu akafungua sanduku lake mwenyewe. Nimewasikia wasimamizi wakilalamika kwamba huko ni kufunga mlango mara mbili, nami sioni ubaya wake. Kinachonitisha ni jina moja na neno moja la siri lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini ili zamu nzima ilitumie.

Hesabu ya fedha nayo huelemea upande wa meza. Leseni za Microsoft za kuingilia kompyuta za seva huuzwa kwa kichwa cha mtu au kwa kifaa. Na penye wanachuo 400 wanaopokezana vifaa 30, mtu hahitaji kuwa mwanahesabu. Leseni ya kifaa ina tabia yake: siku ya kwanza kisanduku hupewa ya muda wa siku 90, kikirudi mara ya pili hupewa yake kamili, ambayo muda wake ni kati ya siku 52 na 89, na hujihuisha kabla ya kwisha maadamu kifaa kinaendelea kutumika. Kilichokufa huiachia leseni yake muda wake ukiisha, si siku ile ile.

Na vifaa hufa, hasa katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria, ambako radi za msimu wa mvua hazichagui nyumba. Kisanduku kikiungua, kompyuta ya meza haikuguswa, imetulia ndani ya seva. Kinachotakiwa ni kingine cha akiba na mstari mmoja katika daftari la dalali. Mstari huo uandikwe kabla, siku kisanduku cha akiba kinapoingia stoo, kwani siku ya radi mtu wa kuuandika huenda yuko safarini Dar es Salaam. Na anwani ya kilichoungua ifutwe siku hiyo hiyo: fundi wa mtaani akikifufua, na mtu akakichomeka katika chumba kingine cha chuo, dalali atakikabidhi meza ya saba bila kuuliza, na meza mbili zitaanza kunyang'anyana kompyuta moja.