Haki ya maji yapitayo: samaki wa Malagarasi na mabwawa yetu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyeyafanya maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ilipumzika Tabora, kisha ikashika njia ya magharibi hadi mto Malagarasi, karibu na Uvinza. Hapo wasafiri walilipa hongo ndipo wavushwe kwa mitumbwi. Chini ya mitumbwi hiyo walikuwapo wasafiri wengine, samaki, ambao wao huufuata mto kwa urefu wake. Safari ya hao ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwani imo hatarini.

Mito ya Ugalla na Igombe hupeleka maji ya Tabora katika bonde la Malagarasi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Mvua zinapojaza mito, kambale huacha mkondo na kuingia katika mbuga zilizofurika ili wazae. Maji yakipungua, hurudi mtoni. Bwawa laweza kuivunja safari kama hiyo kwa njia tatu. Ukuta humzuia samaki kupanda. Maji yakizuiliwa, mafuriko ambayo kwa samaki ni ishara ya kuzaa huchelewa au hupungua. Na maporomoko yakigeuka ziwa tulivu, samaki walioumbwa kwa maji ya kasi hukosa makazi.

Je, tuseme mabwawa ni haramu? Hasha! Tabora iliishi miaka mingi kwa maji ya bwawa la Igombe kabla ya kuletewa ya Ziwa Victoria, na kuwanywesha wenye kiu ni katika mambo ya kheri. Sharia haikukataza kuzuia maji, bali imeweka mpaka. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Zubayr bin Awwam (R.A.) na Ansari mmoja waliogombania mfereji wa Madina. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zubayr anyweshe shamba lake, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Tunajifunza hapo kwamba aliye juu hutangulia kutumia, lakini mto si milki yake.

Na jirani wa chini si mwanadamu peke yake. Sura ya Al-An'am, aya ya 38, yatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi, na samaki naye ni kiumbe wa Mola huyohuyo.

Mpaka huo unawezekana kuchungwa. Chini ya mkataba wa 2008, Marekani iliahidi kufadhili umeme wa megawati 8 katika maporomoko ya Igamba, mtoni Malagarasi. Uchunguzi ulipoonyesha kuwa hapo wanaishi viumbe wa majini walio hatarini kutoweka, mpango ule uliachwa. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mwingine mtoni humo, wa takriban megawati 50, unaotegemea mkondo wenyewe. Kwanza ukaguzi, kisha ujenzi.

Lakini ukuta wa saruji si mkosaji pekee. Ningu wa Ziwa Victoria, ambaye hupanda mito kuzaa, alimalizwa zaidi na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito msimu wa kuzaa. Karomo, samaki wa Malagarasi, yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kwa sababu ya uvuvi uliokithiri na perege wa kigeni. Sura ya Al-A'raf, aya ya 163, yatukumbusha watu wa mji wa pwani waliojaribiwa kwa samaki waliojitokeza siku iliyokatazwa kuvua, nao wakafanya hila. Anayeziba kijito kwa uzio au chandarua siku samaki wanapopanda kuzaa na akitafakari kisa hicho.

Wala tusikate tamaa. Katika mto Elwha nchini Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samaki aina ya samoni wakarudi kupanda walikozuiwa kwa takriban miaka 100. Mbegu ikisalia, njia ikifunguliwa, samaki hurejea.

Basi, wazazi na viongozi wa vijiji, tunapochimba bwawa la mifugo au la mpunga tuache mlango wa maji na njia ya samaki. Tusimwage perege wa kigeni mitoni. Na tuwafundishe vijana kuwa msimu wa kuzaa si msimu wa kuvua, ili wajukuu wetu nao wapate kitoweo.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa waangalizi waaminifu wa neema zake. Amin. Wabillahi tawfiq.