Ushauri nasaha kwa intaneti: Mambo ya kuzingatia kabla ya kikao cha kwanza

MKAZI wa Tabora anayesumbuliwa na sonona, hofu au majonzi ya kufiwa halazimiki tena kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam ili kuonana na mwanasaikolojia binafsi. Kwa simu yenye intaneti, anaweza kuzungumza naye akiwa nyumbani kwake.

Njia hiyo ilikuwa ndefu tangu enzi za misafara. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Reli ya Kati ilipofika mjini hapa mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Hata hivyo, kufupishwa kwa umbali hakuondoi haja ya maandalizi.

Jambo la kwanza ni kumfahamu mtoa huduma. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyesajiliwa na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo. Si utovu wa adabu kumwuliza mtu amesoma wapi, amesajiliwa na chombo gani na amewahi kushughulikia matatizo ya aina gani. Anayekwepa maswali hayo hafai kukabidhiwa siri za mtu.

Pili ni faragha, ambayo pengine ndiyo ngumu kuliko yote. Katika nyumba za kupanga, ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, na sauti ya spika huvuka hadi uani. Inafaa kutumia vifaa vya masikioni, kuchagua saa ambayo wenzake hawapo, au kukaa ndani ya gari lililoegeshwa mahali salama. Simu inayotumiwa na watu wawili, au ambayo mwenza anajua namba yake ya siri, ni hatari zaidi, hasa pale ambapo chanzo cha maumivu ni ukatili wa mwenza huyo. Katika hali hiyo ni heri kwenda kuonana na mhudumu ana kwa ana.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza iwapo kikao kinarekodiwa, maelezo yake yanahifadhiwa wapi na nani anayaona.

Tatu ni gharama na muda. Kikao kwa kawaida huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, mara nyingi kila wiki. Mteja apige hesabu ya mwezi mzima pamoja na bando, kwani mazungumzo ya video hula intaneti nyingi kuliko ya sauti. Ni vyema kukubaliana mapema jinsi ya kulipa, nini kitafanyika umeme au mtandao ukikatika, na kama kikao kilichoahirishwa kitalipiwa.

Kwa wanaozungumza na mshauri aliyeko nje ya nchi, suala la saa lisipuuzwe. Muscat iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa mbili au tatu kulingana na msimu. Kikao cha "saa mbili usiku" kiandikwe 20:00, kwani anayehesabu saa kizungu anaweza kuielewa kuwa ni saa nane.

La mwisho, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni dharura. Mshauri aliye mbali hawezi kugonga mlango. Kabla ya kikao cha kwanza, mteja ampe anwani ya mahali alipo, jina na namba ya ndugu anayemwamini, pamoja na hospitali iliyo karibu. Kwa wakazi wa mjini hapa, hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa, kwa sonona na hofu zisizo kali, tiba ya mazungumzo kwa njia ya video hukaribiana kwa mafanikio na ile ya ana kwa ana. Lakini mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, anayekusudia kujidhuru au aliyeacha kula na kulala asisubiri siku ya kikao. Apelekwe hospitali mara moja. Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ambako wagonjwa wenye hali ngumu hupewa rufaa.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Maradhi ya nafsi nayo yamo katika onyo hilo. Baada ya vikao vitatu au vinne, mteja ajiulize kama anasikilizwa na kama anaona nafuu. Ikiwa sivyo, kubadilisha mshauri si kosa.