Fahamu: Muuguzi wa Kenya anapoanza kazi Uingereza
Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba uliowafungulia wauguzi Wakenya milango ya hospitali za umma za Uingereza, NHS. Lakini akifika, hata aliyeongoza wodi kwa miaka huanza kama msaidizi, hadi afaulu mtihani wa vitendo wenye vituo 10 na kusajiliwa na baraza la wauguzi, NMC. Kipindi hicho huuma, na wasimamizi wanapaswa kuuthamini ujuzi aliokuja nao. Majukumu nayo hubadilika. Kumwogesha na kumlisha mgonjwa, kazi ambayo nyumbani mara nyingi huachiwa jamaa, huko ni ya wodi. Anatarajiwa pia kumuuliza daktari waziwazi akiitilia shaka dozi iliyoandikwa.