KUNDE SHAMBANI NI AFYA YA MTOTO NYUMBANI



Ghala huweza kujaa mtama, na hata hivyo mtoto wa nyumba hiyo akadhoofika. Sababu yake ni kula chakula cha namna moja. Mtama, uwele na mahindi huutia mwili nguvu, lakini mtoto anayekua ahitaji pia vyakula vya kujenga mwili, kama kunde, karanga, mayai na maziwa, na vya kulinda mwili, yaani mboga na matunda. Gramu 100 za kunde kavu zina protini gramu 24 hivi. Za mtama zina 11 tu.

Mtoto apewaye uji mtupu siku zote aweza kupata unyafuzi. Miguu na uso huvimba, nywele huwa nyepesi na za wekundu hafifu, naye hataki kucheza. Wengine hudhani amenenepa. Hakunenepa, ni mgonjwa. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

KUPANDA. Hapa Ulemo, kama kwingine wilayani Iramba, mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kunde huvumilia ukame. Panda mstari mmoja katikati ya mistari ya mtama, au tenga kipande karibu na nyumba: mstari hadi mstari sentimita 60, shimo hadi shimo sentimita 20, mbegu 2 kila shimo. Palilia mapema. Mizizi ya kunde hurutubisha udongo, na mtama wa mwaka ujao utafaidika. Baada ya wiki 3 au 4 chuma majani machanga, machache kwa kila mche. Maua yakianza, acha.

KUHIFADHI. Majani ya akiba ya kiangazi yatie katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha yaanike kivulini. Jua kali huharibu vitamini A, ambayo hulinda macho. Kunde na karanga anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Nafaka au karanga zenye ukungu zisiliwe kabisa, maana kupika hakuondoi sumu yake. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

KULISHA. Hadi miezi 6 mtoto anyonye maziwa ya mama tu. Kisha aanze uji: vikombe 3 vya unga wa mtama au uwele kwa kikombe 1 cha unga wa kunde. Kunde ziloweke, toa maganda, anika, kaanga kidogo, ndipo usage. Uji uive sana na uwe mzito. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Naye aendelee kunyonya hadi miaka 2. Awe na bakuli lake mwenyewe, kwa sababu katika sahani moja na wakubwa hawezi kuwahi.

Alizeti uza, upate fedha. Lakini kunde na karanga zisiuzwe zote. Kabla mnunuzi hajafika, baba na mama kaeni pamoja, mpime kwanza za watoto na za mbegu. Zitakazobaki ndizo za kuuza.