Chumba chini ya manjanja: ni etaji ao si etaji?

Bandugu wa kazi, na mama za kambi, swali moja inarudia kila mara ku meza yetu ya sindika: watoto wamekomaa, nyumba iko kidogo, tufanye nini? Siye tuliokomalia mu nyumba za kompanyi, hiyo shida tunaijua. Leo tuangalie namna wanaipima kule Ruhr, Ujerumani, inchi ya watu wa makaa ya mawe kama siye ni watu wa shaba.

Shimo yao ya mwisho, Prosper-Haniel ya Bottrop, ilifungwa mu Desemba 2018. Kazi ilikwisha, lakini kambi zilibakia na watu ndani. Moja ni Eisenheim, mu Oberhausen, iliyoanza kujengwa mu 1846. Zamani, mu kambi za Ruhr, jamaa nyingi zilikuwa zinapangisha kitanda kwa wachimbaji vijana wasio na nyumba, ili mshahara ifike mwisho wa mwezi. Mu miaka ya 1970 walitaka kubomoa Eisenheim. Wenyeji walikataa, wakapigana pamoja, na nyumba ziko wima mpaka leo.

Nyumba kama hizo ziko na paa ya kuinama sana, na chini yake kuna nafasi. Mtu anasema: niweke mbao, dirisha na ngazi, nipate vyumba viwili. Hapo njo sheria inaingia. Plani ya komini inaweza kuandika nyumba za barabara fulani ziwe na etaji moja ao mbili, hapana zaidi. Kama chumba cha juu kinahesabiwa etaji nzima, unaweza kupita hesabu na ruhusa inakataliwa.

Sasa, etaji nzima ni nini? Mu jimbo la Nordrhein-Westfalen, kule Ruhr iko, ni ile yenye urefu wa metre 2,30 ku sehemu kubwa kupita robo tatu ya eneo la etaji ya chini yake. Na urefu wa chini ya paa haupimwi mpaka plafoni ya ndani. Unapimwa kutoka sakafu mpaka juu ya paa yenyewe, inje. Wengi wanaangukia hapo: wanashusha plafoni wakizani wamepunguza urefu, kumbe hesabu inabakia ile ile.

Tufanye hesabu. Chini kuna metre carré 80. Robo tatu yake ni 60. Kama juu sehemu yenye urefu wa 2,30 ni 58, hiyo si etaji nzima. Fundi akiinua paa kidogo ili aweke dirisha ya kusimama, na sehemu hiyo inaongeza 4, unafika 62. Sasa ni etaji nzima. Metre carré ine tu zimegeuza kila kitu, na dirisha umekwisha kulipa.

Na kila jimbo iko na sheria yake: mu Berlin wanahesabu sehemu mbili kwa tatu. Tena, hata kama chumba si etaji nzima, hapana kusema kila mtu alale mule. Lazima kuwe na njia ya pili ya kukimbilia moto, mara nyingi dirisha ambamo mtu mzima anaweza kupita. Hiyo siye watu wa shimo tunaielewa bila kufundishwa: pahali pa kutoka pamoja tu, ni kaburi.

Kwetu sheria ni ingine na paa ni ingine, lakini akili ni moja. Mbele ya kununua manjanja, pima mwenyewe na uandike ku karatasi. Uliza komini kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Omba jibu yenye muhuri, hapana maneno ya mudomo. Chunga risiti zote. Tumeona jamaa zikijenga annexe na feza ya mwisho wa kazi, kisha zikaambiwa kubomoa, na hakuna karatasi hata moja ya kujitetea.

Nyumba njo mshahara inayobakia kisha kazi kwisha. Tuichunge na metre mukononi.