Panya Stoo, Ugomvi Chumbani!

Msomaji wangu, kuna wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu, wengine pesa, wengine mawifi. Sisi nyumbani kwetu, Tarime mjini, tuligombana kwa sababu ya panya. Cheka tu, ila nisikilize kwanza.

Tulikuwa tumeleta magunia sita ya mahindi kutoka shambani ukweni, upande wa Serengeti, tukayapanga kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Hazikupita wiki tatu, magunia yakawa na matundu na unga wa panya umetapakaa sakafuni. Mimi nikasema tutafute paka. Baba watoto akasema paka hapana, atajaza manyoya kwenye makochi. Basi, kila mtu akabaki na lake.

Kumbe mwenzangu alishanunua sumu kwa machinga, imefungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina. Akaichanganya na dagaa, akaweka kwenye kisahani stoo, akaenda zake kazini. Mimi hakuniambia kitu. Jumamosi asubuhi namwona mwanetu wa miaka miwili anatoka stoo, dagaa mkononi! Nilimnyang'anya, mbio hospitali. Daktari akauliza swali moja tu: "Ni sumu gani?" Tukabaki tunatazamana. Mungu mkubwa, mtoto hakuwa amekula. Lakini wiki nzima tulilala tumepeana migongo.

Kilichoniuma zaidi si sumu yenyewe. Ni kwamba ndani ya nyumba yangu kulikuwa na kitu cha kuua, na mimi sikujua.

Mjue adui yako
Baada ya kupatana, tukakaa chini tukaanza kusoma na kuuliza. Msumbufu mkubwa wa mashamba yetu ni panya shamba. Jike hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 10 au zaidi kwa mpigo. Watoto hao nao huanza kuzaa wakiwa na miezi michache tu. Piga hesabu mwenyewe! Huongezeka sana baada ya mvua, kwa kuwa chakula kinakuwa kingi, halafu kiangazi kikianza wanahamia kwako.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, wamewachunguza panya hawa kwa miaka mingi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania hupoteza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kila mwaka kwa sababu yao. Ndugu zetu wa vijiji vya Serengeti vilivyo jirani na hifadhi hulalamikia tembo, na wana haki. Ila tembo akija kijiji kizima kinaamka. Panya anakula umelala.

Anzia stoo
Somo bora nililipata kwa mama mkwe. Kihenge chake kimesimama juu ya miguu, mbali na mti na mbali na ukuta. Nilidhani ni urembo wa kizamani. Kumbe bibi ana akili!

Ukijenga stoo, inua sakafu angalau mita moja kutoka ardhini. Kila mguu uvalishe bati lililokunjwa kama faneli lililoinamishwa, ili panya akipanda agonge mwamba arudi. Ngazi iondoe ukimaliza kazi. Matawi yaliyokaribia paa yakate.

Kama kibanda chako kiko chini kama chetu, ziba matundu kwa saruji au wavu mgumu wa chuma. Tundu linalopitisha kalamu ya kuandikia linamtosha panya mdogo, kwa hiyo usidharau. Magunia yaweke juu ya chaga, achia nafasi ukutani ili upate kupita na kukagua. Mifuko ile ya kuzuia hewa ni kiboko cha wadudu, lakini panya anaitoboa. Mwenye uwezo anunue kihenge cha bati.

Bustani na kitalu nyumba
Vijana wengi siku hizi wana nyanya na hoho kwenye vitalu nyumba. Hongera! Lakini joto, maji na miche laini, hiyo kwa panya ni hoteli. Atakula matunda na kutafuna mipira ya umwagiliaji. Fyeka nyasi kuzunguka kitalu, fukia ukingo wa wavu ardhini, na usirundike maboksi na mabua ndani.

Kwa mahindi, wiki mbili za kwanza baada ya kupanda ndizo za hatari, maana panya anafukua mbegu. Tega kabla ya kupanda, na kubalianeni na majirani mtege pamoja. Ukisafisha shamba lako peke yako, wa jirani watahamia kwako.

Mtego wa bei poa: fukia ndoo usawa wa ardhi, tia maji kiasi, pitisha waya kwenye bunzi la muhindi lizunguke juu ya ndoo, kisha lipake siagi ya karanga. Panya akikanyaga, bunzi linageuka. Funika ndoo mchana kama kuna watoto. Mitego ya kubana iweke kandokando ya ukuta, ndiyo njia yao.

Paka ama mbwa?
Hapa ndipo nilipomshinda baba watoto, japo nusu tu. Utafiti uliofanyika Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kwenye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja, panya walipungua pilikapilika zao. Paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti kubwa. Sasa tunao wote wawili, na makochi yana vitambaa.

Sumu iwe ya mwisho
Ikibidi, nunua duka la pembejeo, yenye lebo. Weka ndani ya kiboksi chenye tundu dogo, mbali na mtoto na kuku. Panya waliokufa wafukie, maana paka akiwala naye anaweza kufa. Sumu nyingine huchukua siku kadhaa kuonyesha dalili, kwa hiyo usisubiri mtoto aanze kuugua. Usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi.

Afya nayo
Julai 2022, huko Lindi, watu 20 waligundulika kuugua homa ya mgunda na watatu wakafariki. Ugonjwa huo husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Kwa hiyo stoo usifagie kavukavu. Fungua milango hewa ipite, nyunyiza maji yenye klorini, vaa glavu, kisha futa. Nafaka iliyokojolewa usiipeleke mashineni.

Tulivyopatana
Sasa tumegawana kazi. Yeye mitego na matundu, mimi usafi na kukagua magunia kila Jumamosi. Sheria ni moja: hakuna dawa wala sumu inayoingia kwenye geti letu bila wote wawili kujua ni nini na imewekwa wapi.

Wewe na mwenzio je? Leo jioni, kabla ya tamthilia, ulizaneni: kwenye stoo yetu kuna nini? Unaweza kushangaa jibu.