Mja Mzito na Hari ya Kiangazi cha Mbale

Mwezi wa Desemba unapoingia na mvua kupungua katika miteremko ya Masaba, mlima ambao ramani nyingi huuita Elgon, jua huanza kuutawala mji wa Mbale, na vile vyumba vidogo vilivyoezekwa mabati hubaki na hari ya mchana hata baada ya watu kulala. Kila mtu huona taabu, lakini aionaye zaidi ni mja mzito. Naye akilalamika, mara nyingi huambiwa kuwa anadeka. Elimu ya utabibu yaikanusha dhana hiyo.

Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa njia kuu mbili: hupeleka damu kwenye ngozi, na hutoa jasho ambalo, likikauka, huondoka na joto. Sasa mja mzito, kwa kuwa moyo wake, kondo la nyuma na kiumbe aliye tumboni vyote hufanya kazi usiku na mchana, huzalisha joto zaidi ya awali. Damu yake huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kwanza, mishipa yake hulegea, na mtoto, ambaye joto lake hulipita la mama kwa takriban nusu digrii, hana pa kulitolea ila kwa mama huyo huyo. Hiyo ndiyo asili ya kizunguzungu asimamapo ghafla, miguu ivimbayo jioni, moyo uendao mbio na usingizi usiokuja.

Tena jambo hili halimhusu mama peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wataalamu waliwafuata wajawazito 92 wa Gambia waliokuwa wakilima mashamba yao, wakaona kwamba kila digrii moja ya hari iliyozidi iliongeza kwa asilimia 17 uwezekano wa mtoto kutaabika tumboni, taabu iliyodhihirika katika mapigo ya moyo wake na mwendo wa damu katika kitovu. Habari hiyo yapasa kusikilizwa huku kwetu, ambako wanawake huinama katika mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja, au hukaa sokoni tangu alfajiri hadi magharibi.

Tiba ya kwanza ni maji safi, yaliyochemshwa na kupozwa katika mtungi uliowekwa kivulini, yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima bila kungojea kiu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokoza, mwili unadai zaidi. Upungufu wa maji huleta choo kigumu, maradhi ya njia ya mkojo, na hata kukaza kwa tumbo kabla ya wakati. Uji mwepesi wa ulezi na matunda yafaa. Chakula na kiliwe kidogo mara nyingi, ili kiungulia kipungue. Vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Kazi nzito ifanywe asubuhi, na saa za adhuhuri ziwe za kivuli. Gomesi ni vazi la heshima, lakini pamoja na kikoi kivaliwacho ndani na mshipi ufungwao kiunoni, humfunika mama kwa tabaka nyingi; basi liwekewe harusi na ibada, na nyumbani avae pamba nyepesi iliyolegea. Kitambaa chenye maji shingoni, miguu iliyoinuliwa juu ya mto, na kulala kwa ubavu, hasa wa kushoto, humpa nafuu. Lakini chandarua kisiondolewe kwa sababu ya joto: malaria ni adui mkubwa wa mimba katika mashariki ya Uganda.

Aidha, si kila dalili isingiziwe jua. Homa, maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, uvimbe wa uso na mikono, kutokwa na damu au maji, au mtoto kupunguza kucheza, ni mambo ya kumpeleka mama kwa mkunga siku ile ile, na ikibidi, hospitali kuu ya rufaa ya Mbale, wala si ya kungojea jioni ipoe.

Mnamo Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito kwamba wajawazito na watoto wakingwe na madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Wito huo hautimizwi na mama peke yake. Mume achote maji, mwajiri ampe kiti na ruhusa ya kupumzika, wakuu wa masoko wapande miti na kujenga vibanda vya kivuli, na zahanati zisiwapange waja wazito foleni juani. Maadamu mzigo anaoubeba ni wa jamii nzima, kumpunguzia hari ni wajibu wetu sote.